Mbuga haimnyweshi mtu kabla haijashiba

Bamdogo aliingiza fimbo yake kwenye ufa, akaisukuma taratibu kwa kiganja, ikazama mpaka kikabaki kishikio. Ni fimbo ya kuchungia ng'ombe, nikiisimamisha inanifika kifuani. Akaiacha pale, imesimama yenyewe katikati ya uwanda mweusi, kisha akanigeukia.

"Umeona kina chake?"

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, kijijini kwetu Kishapu, saa nne asubuhi na jua limeshakolea. Nyufa zilikuwa zimeikata ardhi vipande vipande, kila kipande na ukubwa wa meza ya chakula, na kati ya kipande na kipande mguu wa mtoto ungeweza kuingia. Nyasi zilizobaki zilikuwa na rangi ya majivu. Nilikuwa nimetoka Mwanza kwa sababu ng'ombe watatu walikuwa wamekufa ndani ya wiki mbili, na wa nne alikuwa hawezi kusimama bila kuinuliwa.

Wiki iliyotangulia mvua ilinyesha mara moja. Kipimo cha shule ya jirani kilionyesha milimita 11. Kutoka pale tuliposimama niliona mwinuko wa mchanga, mwendo wa dakika kumi na tano hivi kwa miguu, na ulikuwa umeshaanza kuwa kijani. Kijani hafifu, lakini kijani.

"Bamdogo," nikamwambia, "huku ndiko kwenye rutuba. Udongo huu unashika maji kuliko wote tulionao. Imekuwaje nyasi zife huku, halafu kule mchangani ziote?"

Alichomoa fimbo, akaifuta vumbi kwa pindo la shati, akaanza kutembea. Alijibu bila kugeuka.

"Mbuga haimnyweshi mtu kabla haijashiba yenyewe."

Nimekaa na sentensi hiyo wiki sita.

## Neno lenyewe

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba ulikuwa mbugani, atakuuliza umeona wanyama gani. Kwetu Usukumani mbuga ni udongo kwanza. Ni ule uwanda wa bondeni, mweusi, mzito, unaonata kwenye kandambili masika mpaka unatembea umebeba kilo nzima ya tope kila mguu, na ambao kiangazi hugeuka jiwe.

Wazee wanaisoma ardhi kwa kushuka nayo. Juu kabisa kuna mawe ya matale. Chini yake luseni, mchanga mwepesi wa karanga na viazi. Ukishuka zaidi unakuta itogolo, udongo wa kijivu uliokaza. Halafu ndipo mbuga. Pembeni mwa mbuga, sehemu nyingine, kuna ibushi, mweusi pia lakini wenye chokaa na laini zaidi mkononi. Mtoto wa miaka kumi anayechunga anayajua haya yote kwa nyayo.

Miaka ya 1930, Mwingereza mmoja mtaalamu wa kemia ya udongo, Geoffrey Milne, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alikuwa anajaribu kuchora ramani ya udongo ya Afrika Mashariki. Tatizo lake lilikuwa kwamba udongo ulibadilika kila baada ya hatua mia chache, ramani haiwezi kuubeba. Ndipo alipoona kwamba mabadiliko yanajirudia: kilima hadi bonde, kilima hadi bonde, kwa mpangilio uleule. Mwaka 1935 akaupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini la mnyororo. Leo neno hilo linafundishwa vyuoni dunia nzima. Na neno letu mbuga liliingia kwenye ripoti za udongo za Kiingereza vilevile lilivyo, bila kutafsiriwa.

Nililisoma jambo hili chuoni. Nilijibu swali la mtihani kulihusu. Halikunisaidia siku niliyolihitaji.

## Mkanda wa baba

Baba alikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa masika ili yafunguliwe kiangazi. Aliifunga kila Desemba, akaifungua Julai au Agosti, na walioingia kwanza walikuwa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, maksai wa kulimia na wagonjwa. Wengine walisubiri.

Umbo la ngitili ile lilinisumbua tangu utotoni. Lilikuwa mkanda. Upana wake kama hatua mia, ukianzia juu karibu na mawe, ukashuka kwenye luseni, ukakatiza itogolo na kuishia katikati ya mbuga. Mpaka mrefu, eneo dogo. Kuulinda ilikuwa kazi ya kuchosha, na mimi ndiye niliyekuwa mlinzi.

Baba alipofariki tulikaa kikao cha familia. Mimi ndiye mkubwa, na ndiye niliyekwenda shule zaidi, kwa hiyo niliongea sana. Nilichora kwa penseli. Nikasema nusu ya juu ya mkanda ina nyasi haba, ya nini kuifunga? Tuihamishie ngitili yote mbugani, tuifanye mraba, nyasi kule zinafika kiunoni. Luseni tulime karanga. Mdogo wangu alifurahi, kwa sababu karanga zina soko. Mama alisema sawa. Bamdogo alitazama mchoro kwa muda mrefu, akanirudishia karatasi, akanyamaza.

Ule ukimya wake nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko maneno yoyote yaliyosemwa siku ile.

Misimu miwili ya kwanza nilionekana nina akili. Mvua zilikuwa nzuri, mbuga ikajaa nyasi, na Septemba bado kulikuwa na kitu cha kula. Msimu wa tatu mvua zilikatika mapema, Machi. Na zilizofuata zilichelewa kuanza, zikaja kidogokidogo: 11, kisha 6, kisha 9, kila moja na kiangazi chake cha siku kadhaa katikati. Kila mvua iliivisha luseni kijani kidogo. Luseni yetu ilikuwa imelimwa. Mbuga ilikuwa yetu yote, na haikutoa hata jani.

## Chupa mbili

Niliporudi Mwanza nilibeba udongo kwenye mifuko miwili, mmoja wa mbuga na mmoja wa luseni. Nilikata chupa mbili za maji za lita moja na nusu, nikazitoboa chini, nikazijaza. Sikuwa na lengo la kuandika chochote. Nilikuwa na hasira na nilitaka kuona kwa macho.

Kikombe cha kwanza cha maji kwenye luseni kilizama kabla sijakiweka kikombe mezani. Kwenye mbuga, maji yalipita haraka pia, jambo ambalo sikulitegemea. Yalipenya kati ya mabonge na kutokea chini. Nilipovunja bonge moja, ndani lilikuwa kavu kabisa, vumbi.

Nikaongeza kikombe cha pili. Sasa mabonge yakaanza kuvimba. Kwa saa moja hivi niliona nafasi kati yake zikizibika, mpaka chupa ikawa kitu kimoja, cheusi, kinachong'aa. Kikombe cha tatu kilikaa juu. Kilikuwa bado juu asubuhi iliyofuata.

Kwa hiyo mbuga ina mlango. Ikiwa kavu mlango uko wazi, mvua kubwa ya ghafla inaingia kwenye nyufa na kufika chini moja kwa moja. Ikishiba mlango unafungwa, na mvua yoyote inayofuata inatuama au inatiririka. Ndiyo maana Februari barabara yetu haipitiki na Oktoba hakuna tone kisimani, na ni bonde lilelile.

Baadaye nilibadilisha udongo, nikapanda choroko kumi kila chupa, na nikaamua kuiga mvua za mwaka ule: vijiko vitano vya maji kila siku ya tatu, basi. Luseni ikatoa miche siku ya nne. Mbuga ikatoa mitatu siku ya sita, ikasimama kidogo, ikalala.

Nilichota udongo pale miche ilipolala, nikaubana kati ya vidole.

Ulikuwa na unyevu.

Nilikaa nimeushika. Udongo una maji, naugusa, unaniachia weusi kwenye ngozi, na mche uliozama humo umekufa kwa kiu.

## Kilicho ndani ya kijiko

Mfinyanzi wa mbuga una madini yanayoitwa smektaiti. Vipande vyake ni vidogo mno na vimepangwa kama kurasa za kitabu, na tofauti na mfinyanzi wa kule juu, kurasa hizi hazijagundishwa. Maji yanaingia katikati yake na kuzisukuma zitengane. Ndiko kuvimba. Yakitoka zinashikana tena. Ndiko kupasuka.

Jamii maarufu zaidi ya smektaiti ni montimorilonaiti. Gramu moja yake, ukizihesabu kurasa zote pande zote mbili, ina eneo la mita za mraba 700 hadi 800. Gramu kumi, kiasi kinachotosha vijiko vichache vya chai, ni uwanja mzima wa mpira wa miguu. Kaolini, mfinyanzi wa udongo mwekundu wa juu, ina mita za mraba 10 au 20 tu kwa gramu.

Sasa fikiria maji yakitandazwa juu ya uwanja huo. Utando wa kwanza unashikwa na mfinyanzi kwa nguvu ambayo hakuna mzizi unaoweza kuishinda. Mfinyanzi mzito unaweza kuwa bado na maji yanayofikia robo ya ujazo wake wote pale mmea unaponyauka moja kwa moja. Mchanga, mmea ukinyauka, umebakiwa na kama sehemu moja tu ya ishirini. Mchanga hauna kitu, lakini kila ulichonacho unakitoa.

Chukua mvua ya milimita 10. Kwenye luseni kavu inalowanisha karibu sentimita kumi kwenda chini, na jua linapokausha juu, maji ya chini yanabaki salama yakisubiri mizizi. Kwenye mbuga kavu milimita hizohizo zinaishia sentimita tatu au nne. Zote ziko juu, jua linapopiga. Siku tatu, zimekwisha.

Haimnyweshi mtu kabla haijashiba yenyewe. Bamdogo hajawahi kusikia neno smektaiti.

Kuna jambo la rangi pia, na hili liliniuma. Nilidhani weusi ule ni mboji. Wengi tunadhani hivyo, udongo mweusi tunauita tajiri. Mbuga mara nyingi ina mboji kidogo tu, asilimia moja au mbili. Mboji hiyo kidogo imeshikana na mfinyanzi kiasi kwamba inatia rangi udongo wote. Utajiri wa mbuga upo, lakini uko kwenye kalsiamu na magnesiamu, na umetoka juu. Mvua za maelfu ya miaka zimeosha kilima, zikayeyusha madini yake pamoja na silika, zikayashusha bondeni ambako maji hayana njia ya kutokea. Yakakaa pale pamoja, yakajiunda kuwa smektaiti. Juu kulikooshwa kukabaki kaolini na mchanga. Mbuga ni akiba ya kilima.

## Nilipoanza kuyumba

Hapo nilikuwa tayari kuandika kwamba nilikosea, mchanga ni bora kwa malisho, tumalize. Nusu ya makala ilikuwa imeshaandikwa.

Lakini chupa zilikuwa bado dirishani. Siku moja nilizijaza zote mbili maji hadi zikashiba kabisa, nikapanda upya, nikaziacha bila tone jingine. Wiki ya pili luseni ilikuwa imenyauka. Mbuga ilikuwa na miche kumi, majani mapana, kijani cha kukolea. Ilivuka wiki ya tatu, ikaingia ya nne. Udongo ukaanza kujitenga na ukuta wa chupa, kwanza kama uzi, kisha nafasi ya kupitisha sarafu ya shilingi mia mbili, na miche bado imesimama.

Nikaifuta makala.

Mwaka 1973 mwanaikolojia Imanuel Noy-Meir alieleza jambo hili kwa nchi kame kwa jumla. Kwenye mvua haba, udongo wa mchanga huotesha mimea mingi kuliko mfinyanzi. Mvua zikiongezeka, mpangilio unageuka na mfinyanzi unaongoza. Mstari wa kugeukia aliuweka kati ya milimita 300 na 500 kwa mwaka. Shinyanga kwa wastani tuko juu ya mstari huo, hupata 600 hadi 800, na ndiyo maana mbuga ina sifa yake. Lakini hakuna ng'ombe anayekula wastani. Kwa jinsi ninavyolielewa mimi, sisi tunauvuka mstari huo kila mwaka. Novemba mvua zinapoanza kwa kudonadona, tuko chini yake na luseni ndiyo yenye chakula. Februari tumeuvuka. Juni mchanga umekauka, na mbuga ndiyo kwanza inalipa.

Na Novemba ndiyo inayoua. Anayefuga anajua kwamba ng'ombe wengi hawafi katikati ya kiangazi. Wanafia mlangoni mwa masika, wamekonda, mvua ya baridi inawapiga, na majani bado. Kinachohitajika pale ni wiki tatu tu za nyasi changa.

Wiki tatu za nyasi changa zilikuwa kwenye kipande cha juu cha mkanda wa baba.

## Sikumuuliza

Hapa ndipo ninaposhindwa kulala vizuri. Je, baba alijua? Alikata mkanda ule kushuka mteremko makusudi, ili mifugo yake iwe na kitu juu mwanzo wa mvua na kitu chini mwisho wa kiangazi? Au aligawiwa tu ardhi ya umbo lile, akaitumia kama alivyoipata?

Bamdogo nilimuuliza. Akasema, "Baba yako alikuwa anafunga pale alipoona panafaa kufungwa." Nikamuuliza kwa nini hakusema chochote siku ya kikao. Akanyamaza kidogo. "Ulikuwa umechora, mwanangu."

Ngitili zilikuwa karibu kutoweka Shinyanga. Misitu ilifyekwa kuondoa mbung'o enzi za Waingereza, kisha pamba, kisha watu kuhamishiwa vijijini, na kila mtu alipohama aliacha ngitili yake nyuma. Mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Nilikuwa mtoto wakati huo, nikikimbiza mbuzi wa watu kwenye mpaka wa baba na kulalamika. Kumbe nilikuwa ndani ya mojawapo ya kazi kubwa za kurudisha ardhi zilizowahi kufanywa Tanzania, na nilichokumbuka ni miiba.

Miiba yenyewe ilikuwa ya ilula, ule mgunga mfupi wenye vivimbe vyeusi vilivyojaa sisimizi, upepo ukipita vinapiga mluzi. Ni katika miti michache inayoweza mbuga. Mingine mizizi yake hukatwa.

## Ardhi isiyotulia

Inakatwa kweli. Udongo unapovimba kila masika na kunywea kila kiangazi, unajisukuma. Tulipochimba choo cha zamani pembeni mwa mbuga, nikiwa darasa la tano, kuta za shimo zilikuwa na sehemu laini zinazong'aa, kama zimepakwa mafuta na kusuguliwa na mgongo wa kijiko. Fundi alisema ni nyoka amepita. Sasa najua ni mabonge makubwa ya udongo yalikuwa yameteleza juu ya mengine. Choo kile kiliinama mwaka wa pili. Nyumba ya mwalimu iliyojengwa karibu nacho ina ufa unaopanda kutoka dirishani hadi kwenye kenchi, na kila mwaka unazibwa kwa saruji.

Wataalamu wanauita vetisoli, kutoka neno la Kilatini la kugeuza, kwa sababu tabaka la juu linaangukia kwenye nyufa, la chini linasukumwa juu, na ardhi inajilima. Duniani kuna karibu hekta milioni 335 za aina hii: India, Sudani, Ethiopia, Australia. Vinundu vyeupe vya chokaa tulivyokuwa tunarushiana utotoni ni sehemu ya mzunguko huo, vinatoka chini vinakuja juu.

Kwa mfugaji jambo hili lina pande mbili. Ukiingiza ng'ombe mbugani kumelowa, kwato zinaukanda udongo kama unga wa chapati, mashina ya nyasi za kudumu yanafukiwa, na kila alama ya kwato inakauka kuwa tofali. Nimeona sehemu zilizokandwa hivyo mfululizo, zimebakiwa na nyasi za msimu tu, zile zinazoota haraka na kufa haraka. Lakini mbuga inayopumzishwa inajitibu. Misimu kadhaa ya kuvimba na kupasuka inavunja ukandaji wote, juu kunakuwa na chembechembe laini kama mtama uliokobolewa. Luseni ukiishindilia au ukiiacha imomonyoke haina nguvu hiyo. Kwa hiyo ule utaratibu wa kufunga ngitili Desemba, kabla mbuga haijalowa sawasawa, unaokoa nyasi, na unaokoa udongo kabla ya nyasi.

Sehemu moja ya mbuga yetu haifanani na nyingine. Ni mahame ya babu, mahali palipokuwa na zizi kabla sijazaliwa. Nyasi pale ni fupi, nzito, tamu, na ng'ombe wakifunguliwa wanakwenda pale kwanza. Kwenye mbuga za Laikipia, Kenya, watafiti wameona mazizi yaliyohamwa yakibaki hivyo kwa miongo kadhaa, viwanja vya kijani ambavyo hata wanyamapori huvipenda. Samadi ya ng'ombe waliokufa zamani bado inalisha.

## Karanga na majaluba

Ningependa kusema tumerudisha mkanda. Hatujarudisha.

Luseni sasa ni shamba la mdogo wangu, na karanga zile zimelipa ada za watoto wawili. Nilipompigia kumweleza kuhusu smektaiti na chupa na mkanda wa baba, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Kaka, sasa unataka ning'oe nini?" Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyempa shamba lile, kwa penseli.

Na yeye ana mpango wake. Anataka tukate nusu ya mbuga tufanye majaluba ya mpunga. Majirani wengi wameshafanya hivyo. Mlango ukishafungwa maji hukaa juu, na mpunga unataka maji yakae. Hesabu yake ni nzuri kuliko ya ng'ombe, kwa mwaka wa mvua. Lakini kila mbuga inayogeuka majaluba inasukuma mifugo ya mtu juu ya itogolo, ambako udongo ukivuliwa nyasi unakaza kama sakafu na makorongo yanaanzia hapo. Nimeshaona korongo moja likitambaa kuelekea kwetu kutoka shamba la jirani. Watu wa kwetu wengi wamehama na ng'ombe wao kutafuta malisho, Rukwa, Morogoro, mpaka Lindi, na huko wanaitwa waharibifu na kufukuzwa. Ninapowasikia wakisemwa hivyo redioni, nawaza mbuga walizoziacha, na kilichokuwa kimefanyika huko kabla hawajaondoka.

Tumekubaliana kitu kimoja mpaka sasa. Ukanda wa hatua thelathini kwenye ukingo wa shamba la karanga hautalimwa msimu huu. Utashuka hadi itogolo na kuungana na ngitili ya mbugani. Hatua thelathini sio mia. Mdogo wangu alipima mwenyewe kwa miguu, akaweka mawe.

Jana jioni nilimpigia bamdogo. Zamani nilikuwa namuuliza kama mvua imenyesha. Safari hii nilimuuliza kama nyufa zimefunga.

"Nyingi zimefunga," akasema. Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na mtu akipiga mluzi. "Upo mmoja bado, pale karibu na mahame. Leo asubuhi mtoto kaingiza fimbo."

"Imezama?"

"Nusu."